National na Sanyo: redio mbili, keja moja

Ukienda ushago na ukute bado kuna kabati la vioo sebuleni, angalia juu yake. Kuna uwezekano mkubwa utaona redio ya zamani imefunikwa kitambaa. Ina mshikio wa kubebea, eria inayochomoka kama fimbo ya kuvulia samaki, na kule nyuma mfuniko wa mawe umefungwa kwa raba kwa sababu kishikizo chake kilivunjika kitambo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiletea boma zima taarifa ya habari, salamu na matangazo ya vifo. Mbele utapata imeandikwa National, au National Panasonic, au Sanyo.

Kuna wazee mpaka leo watakuapia National ndiyo ilikuwa redio, zingine zote ni vibuyu. Kuna wengine huwezi kuwaambia kitu kuhusu Sanyo. Wanabishana kama mashabiki wa Gor na Ingwe. Chenye wengi hawajui ni kwamba hizo redio mbili zimetoka kwa familia moja. Tena zilianzia keja moja, nyumba ndogo ya kupanga huko Osaka, Japani, mwaka wa 1917. Ndani ya hiyo nyumba kulikuwa na kijana wa miaka 22, mke wake, na ndugu mdogo wa mke wake ambaye alikuwa na miaka 14.

Huyo kijana aliitwa Konosuke Matsushita. Ukimsikia siku hizi mara nyingi ni kwenye zile video za motivesheni: aliacha shule akiwa na miaka 9, akafa bilionea. Video inaisha hapo, muziki unapanda, unaambiwa ni wewe na ndoto zako. Mimi pia niliacha chuo, mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma kabisa, kwa hivyo hizo video nimetumiwa sana na watu wenye nia njema. Mwishowe nikaamua kumsoma huyu mzee vizuri. Na kwa maoni yangu, stori yake husimuliwa nusu. Hiyo nusu inayoachwa ndiyo ingetusaidia sisi tunaosota.

Kitinda mimba wa familia iliyoanguka

Matsushita alizaliwa Novemba 27, 1894, katika kijiji cha Wasa, mkoa wa Wakayama. Alikuwa kitinda mimba kati ya watoto 8. Nyumbani hawakuwa maskini. Walikuwa na shamba na heshima ya kijiji. Kisha baba yake akaanza kucheza na soko la mchele. Hakuwa analima mchele wala kuuza mchele, alikuwa anabashiri bei itapanda au itashuka. Wewe na mimi tunajua hiyo biashara kwa majina mengine siku hizi. Mwaka wa 1899 mambo yalimwendea vibaya. Shamba likaenda, nyumba ikaenda, familia ikahamia mjini Wakayama. Mzee akafungua duka la kuuza viatu vya mbao. Nalo likafa.

Baba akatangulia Osaka kutafuta kazi, na akaipata katika shule ya watoto vipofu na viziwi. Mwaka wa 1904 akatuma ujumbe nyumbani: huyo mdogo aje, kuna duka linatafuta mtoto wa kazi. Konosuke hakuwa amemaliza hata shule ya msingi. Alikuwa na miaka 9. Mama yake alimsindikiza hadi stesheni ya treni, akamwomba abiria mmoja aliyekuwa akienda Osaka amwangalie njiani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwenye duka la majiko ya makaa, yale ambayo Wajapani walitumia kuota moto nyumbani. Kusugua majiko yang'ae, kufagia, kubeba mtoto wa tajiri mgongoni. Miezi michache baadaye lile duka likafungwa, akahamishiwa duka la baiskeli. Baiskeli wakati huo zilikuwa mali ya watu wenye pesa zao, tena nyingi zilitoka nje ya nchi. Pale akakaa miaka kama 5 akijifunza kurekebisha, kukata chuma na kuongea na wateja.

Kuna stori moja ya hapo dukani naipenda sana. Wateja wakingojea baiskeli zao walikuwa wanamtuma sigara. Kila mara atoke mbio, anunue pakiti moja, arudi. Akagundua kuwa ukinunua pakiti 20 kwa mpigo unaongezwa moja ya bure. Akaanza kuweka stoki yake. Mteja akitaka sigara, iko hapo hapo, na kila 20 zikiisha yeye ana faida ya pakiti moja. Hasla safi kabisa. Lakini vijana wengine wa duka walianza kununa: sisi tunatokwa jasho, huyu mdogo anatajirika. Tajiri wao akamwambia aache. Matsushita alikuja kuisimulia mara nyingi akiwa mzee, na hakuwa anajisifia akili. Alisema pale ndipo alipojifunza kuwa faida ya mtu mmoja, ikiwaacha wenzake nje, haidumu.

Mwaka wa 1906 baba yake akafa. Kabla ya hapo mama alikuwa ametaka kijana aache duka, apate kazi ndogo ya ofisini na asome jioni. Mzee alikataa, akashikilia kuwa mtoto abaki kwenye biashara. Ndugu zake nao walikuwa wanaondoka mmoja baada ya mwingine, wengine kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao zama hizo haukuwa na dawa. Mama akafa mwaka wa 1913. Kabla Konosuke hajafikisha miaka 30, wazazi na ndugu zake wote 7 walikuwa wameshakufa. Yeye mwenyewe mapafu yake yalikuwa mabovu, na yalimsumbua maisha yake yote.

Kuacha shule mara ya pili

Osaka ilianza kuwekewa tramu za umeme. Kijana wa baiskeli akaziangalia, akaona stima ndiyo inakuja. Mwaka wa 1910 akaacha duka, akaandikwa kazi katika kampuni ya umeme ya Osaka kama msaidizi wa fundi wa kuvuta nyaya. Alikuwa mkali wa hiyo kazi. Akipanda dari za nyumba za watu, majumba ya sinema na viwanda, hadi akiwa na miaka 22 akafanywa mkaguzi, kazi ambayo vijana wenzake waliiota.

Hapa kuna kipande ambacho zile video huruka. Mwaka wa 1913 alijiandikisha shule ya jioni. Alikuwa anatoka kazini, anakula haraka haraka, anakimbia darasani. Alimaliza kozi ya matayarisho, akaingia kozi yenyewe ya umeme. Lakini masomo yalifundishwa kwa imla: mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika. Yeye hakuwa anajua kuandika kwa kasi. Kila jioni mwalimu anaenda, yeye anabaki nyuma. Akaacha.

Yaani huyu mtu hakuidharau shule. Aliitaka, akarudi kuitafuta, ikamshinda kwa sababu msingi alinyimwa akiwa mtoto. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyeitupa shule na mtu ambaye shule ilimponyoka.

Mwaka wa 1915 dada yake alimtafutia mchumba. Msichana aliitwa Mumeno Iue, alitoka kisiwa cha Awaji, na yeye alikuwa amesoma kumliko mume wake. Bwana harusi hakuwa na mali, hakuwa na wazazi, na alikuwa mgonjwa. Mumeno akakubali.

Keja ya Ikaino

Pale kazini Matsushita alikuwa amebuni holda mpya ya balbu. Akampelekea bosi wake, bosi akaiangalia akamwambia haifai. Kazi ya ukaguzi nayo ilikuwa imeanza kumchosha, anamaliza saa chache halafu anakaa bure. Na kwa sababu alikuwa analipwa kwa siku alizofanya kazi, siku za kuugua hazikuwa na kitu. Juni 1917 akaacha.

Sasa tuhesabu. Akiba yake na malipo ya kuondoka, vyote pamoja, havikufika yen 100. Mashine moja tu ya maana ingemmaliza. Wenzake wawili wa zamani wakaungana naye, mmoja akasaidia kupata mkopo wa yen 100 kwa rafiki. Mumeno akaleta ndugu yake kutoka Awaji, Toshio Iue, yule wa miaka 14. Wote wakaingia kwenye nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Ikaino. Wakang'oa sehemu ya sakafu ya chumba kimoja wapate pa kufanyia kazi. Pembeni kulibaki pa kulala.

Tatizo la kwanza: hakuna aliyejua kutengeneza ile nyenzo nyeusi ya kuzuia umeme ambayo holda huundwa nayo. Walijua ina lami na unga wa mawe, lakini vipimo vilikuwa siri ya viwanda. Walienda hadi kuokota mabaki ya viwanda vya wenyewe, wakayachunguza. Mwishowe mwenzao mwingine wa zamani, aliyekuwa ameshajaribu biashara hiyo, akawafundisha.

Oktoba holda zikawa tayari. Wakazunguka Osaka yote siku kama 10, duka kwa duka. Waliuza kama 100, na pesa yote haikufika yen 10. Wale marafiki wawili walikuwa na familia za kulisha. Wakaondoka, na huwezi kuwalaumu.

Wakabaki watatu. Mumeno akaanza kubeba nguo zake kwenda kuziweka rehani: kimono zake, vitu alivyokuja navyo kama bibi harusi, hadi pete. Kila safari pesa kidogo, ya mchele na ya kodi. Hakuna video ya motivesheni iliyowahi kumpa Mumeno hata sekunde 10. Lakini ukiondoa hizo kimono kwenye hesabu, hakuna National, hakuna Panasonic, na hata Sanyo hakuna.

Desemba ikaja bahati, lakini bahati iliyowakuta wakiwa kazini. Kampuni moja ya kutengeneza feni ilitaka kubadilisha sahani za chini, zile za kushikilia swichi, kutoka kauri hadi ile nyenzo nyeusi. Oda ilikuwa ya vipande 1,000, haraka. Konosuke akikandamiza mashine, Toshio aking'arisha, wakamaliza kabla mwaka kuisha. Machi 7, 1918, wakahamia nyumba kubwa kidogo na kuandikisha biashara rasmi. Wakaanza kuajiri. Na jambo la kwanza lililowashangaza watu: Matsushita alikuwa anawafundisha waajiriwa wapya vipimo vya ile nyenzo. Wenye viwanda wengine walikuwa wanavificha hata kwa wafanyakazi wao, ni ndugu wa damu tu wanaoambiwa. Yeye aliona kazi ya kufichana ingemchosha bure. Vijana wa kazi walikuwa wanalala hapo hapo, na Mumeno ndiye alikuwa anawapikia na kuwaangalia kama mama yao.

Taa ya baiskeli na neno la gazetini

Mwaka wa 1923 akarudi kwa kitu alichokijua tangu utotoni: baiskeli. Usiku watu waliendesha na mishumaa au taa za mafuta zinazozimwa na upepo. Taa za betri zilikuwepo, ila mawe yalikufa baada ya saa 2 au 3. Alikaa karibu miezi 6 akijaribu moja baada ya nyingine, akapata taa yenye umbo la risasi iliyowaka saa 30 hadi 50.

Wauzaji wa jumla wakaikataa. Hawakuamini. Badala ya kubishana, akawatuma watu wake kwa maduka ya baiskeli, waache taa chache kila duka, moja ikiwa imewashwa. Mwenye duka ajionee mwenyewe itawaka hadi lini. Ikikuridhisha, lipa. Isipokuridhisha, basi. Baada ya wiki chache wale wa jumla ndio walikuwa wanamtafuta.

Taa iliyofuata, ya mraba, ilitoka mwaka wa 1927 na ilihitaji jina. Alikuwa ameona neno moja la Kiingereza gazetini lenye maana ya kimataifa. Akafungua kamusi, akakuta kipande chake, National, kina maana ya kitu cha taifa, cha wananchi wote. Akalichukua. Kwa kuanzia akagawa taa 10,000 za bure, na akamshawishi mwenye kiwanda cha betri ampe betri 10,000 za bure pia, kwa ahadi ya kuuza 200,000 kabla ya mwaka kuisha. Zikauzwa zaidi ya 400,000. Hapo ndipo jina National lilipozaliwa, kwenye taa ya baiskeli, kabla hata hawajagusa redio.

Nusu siku, mshahara mzima

Mwisho wa 1929 uchumi wa dunia ukaporomoka. Mauzo yakakatika katikati, bohari zikajaa hadi pa kupita hakuna. Matsushita alikuwa kitandani, mapafu tena. Toshio Iue na meneja mwingine wakaenda kwake na hesabu mkononi: tupunguze uzalishaji nusu, na tufute nusu ya wafanyakazi. Ilikuwa hesabu sahihi. Kampuni zote zilikuwa zinafanya hivyo.

Alikubali nusu ya kwanza tu. Uzalishaji upunguzwe, watu wafanye kazi nusu siku, lakini mshahara ubaki mzima na hakuna wa kufutwa. Sharti likawa kwamba kila mtu, hata wa kiwandani, saa zilizobaki na siku za mapumziko atoke akauze. Februari 1930 bohari zilikuwa tupu, na kiwanda kikarudi kwa siku nzima.

Mwenye amewahi kupigiwa simu Ijumaa jioni akaambiwa Jumatatu asirudi atajua uzito wa uamuzi huu.

Redio iliyokuwa inakufa katikati ya kipindi

Japani ilianza kuwa na utangazaji wa redio mwaka wa 1925. Redio za wakati huo zilikuwa kubwa kama sanduku, za valvu, na ziliharibika ovyo. Hata ya Matsushita ilikuwa inamzimikia kipindi anachokingojea kikianza. Akaona hapo pana kazi.

Mwaka wa 1930 akaingia ubia na kiwanda cha redio. Ilikuwa aibu. Redio zikarudishwa kwa wingi. Alipochunguza akaona kitu rahisi: zamani redio ziliuzwa na mafundi, walioweza kukaza valvu iliyolegea kabla ya kumpa mteja. Yeye alizipeleka kwa maduka ya kawaida ya stima. Skrubu moja ikilegea, inarudi kiwandani. Mwenye kiwanda akasema basi tuuzie mafundi tu. Matsushita akaona hapana, redio ya wananchi lazima iuzwe hata na asiye fundi. Wakaachana.

Akamgeukia Tetsujiro Nakao, mtu wa utafiti wake, akamwambia aunde redio. Nakao hakuwa mtu wa redio. Ilibidi asome huku anaunda. Baada ya miezi kama 3 akatoka na redio ya valvu tatu, na mwaka wa 1931 ikashinda nafasi ya kwanza kwenye shindano la shirika la utangazaji la Japani, NHK.

Mwaka uliofuata kulikuwa na hataza moja ya redio iliyokuwa inawazuia watengenezaji wote, mwenye nayo akidai malipo kila upande. Matsushita akainunua, kisha akaiachia bure kwa yeyote anayetaka kuitumia, hata washindani wake. Mwaka huo huo, 1932, aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza lengo lake: vitu vya nyumbani viwe vingi na rahisi kama maji ya mfereji, kitu ambacho hata mpita njia akinywa hakuna anayemwita mwizi. Akawapa mpango wa kulifikia, na mpango ulikuwa wa miaka 250.

Vita, sahihi, na shemeji anaondoka

Tusimfanye malaika. Vita vya Pili vya Dunia vilipokolea, kampuni yake ilitengenezea jeshi la Japani vitu, na mwaka wa 1943 ikafungua hata kampuni za kuunda meli na ndege za mbao. Japani ilikuwa inavamia nchi za watu, na viwanda vyake vilikuwa ndani ya hiyo mashine. Aliendelea kuilipia.

Japani iliposhindwa mwaka wa 1945, utawala wa Marekani ukafunga mali za makampuni makubwa na kuagiza wakuu wake waondolewe. Matsushita alikuwa kwenye orodha. Madeni yakamfunika, tajiri wa jana akawa anadaiwa kodi kila mahali.

Wakati huo vyama vya wafanyakazi Japani vilikuwa vinasukuma matajiri watoke. Chama cha wafanyakazi wa Matsushita kilifanya kinyume. Maelfu ya wafanyakazi na familia zao wakatia sahihi ombi kwamba mkubwa wao abaki. Mwaka wa 1947 akaondolewa kwenye orodha. Wale ambao hakuwafuta mwaka wa 1929 ndio waliokataa yeye afutwe.

Lakini Toshio Iue aliondoka. Yule kijana wa miaka 14 sasa alikuwa na miaka 44 na mkono wake wa kulia. Mwaka wa 1947 akaanza upya, akitengeneza dainamo za taa za baiskeli. Shemeji yake akampa kiwanda kisichotumika na ruhusa ya kuuza kwa jina la National aanze kujipatia riziki. Kampuni yake Iue aliiita Sanyo, maana yake bahari tatu: Pasifiki, Atlantiki na Hindi. Hiyo ya tatu ndiyo inapiga ukuta wa Fort Jesus pale Mombasa. Huyu jamaa alikuwa ana taa za baiskeli tu, na tayari ameshaandika bahari yetu kwenye jina. Mwaka wa 1952 Sanyo ikatoa redio ya mwili wa plastiki, bei ya chini, na ikapeperuka.

Redio inatoka nyumbani

Redio ya valvu ilikuwa na shida mbili: valvu hupata moto na hula umeme mwingi. Bila stima nyumbani, ulihitaji betri nzito za gharama. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwisho wa 1947, ilifanya kazi ile ile ikiwa ndogo kama punje ya hindi, bila joto, kwa mawe machache tu. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ilikuwa Regency TR-1 ya Marekani, mwaka wa 1954. Sony wakafuata Japani mwaka wa 1955.

Matsushita alikuwa amejipanga kwa njia yake. Mwaka wa 1952 aliungana na Philips wa Uholanzi. Philips walitaka walipwe ada ya utaalamu. Akajibu kuwa kama utaalamu wao una bei, basi na uongozi wake una bei. Wakaishia asilimia 4.5 kwa Philips na asilimia 3 kwa Matsushita. Mtu aliyeshindwa kuandika imla alikuwa anauzia Wazungu uzoefu wake.

Marekani jina National lilikuwa tayari la mtu mwingine, kwa hivyo spika za kuuzwa huko zikapewa jina jipya mwaka wa 1955: Panasonic. Ndiyo maana redio zingine za zamani zina majina yote mawili. Miaka ya 1970 walitoa hata za mchezo, kama Panapet ya mviringo yenye mnyororo na Toot-a-Loop inayovaliwa mkononi kama bangili. Huku kwetu kilichohitajika ni ile ya mshikio, inayoshika masafa mafupi na kustahimili vumbi. Miaka ya 1960 kampuni ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na mawe ya National yakawa yanatoka hapo jirani. Kwa nyumba isiyo na stima, ile redio ilikuwa ndiyo gazeti, ndiyo simu ya vifo na harusi, ndiyo mpira. Maji ya mfereji yalikuwa yamefika.

Mwisho wake

Mwaka wa 1964, akiwa ameshajitoa kwenye uongozi wa kila siku, aliwaita wenye maduka na wasambazaji wake hoteli moja ya Atami. Wengi walikuwa wanapata hasara. Walibishana siku tatu, wao wakilaumu kampuni, yeye akiwajibu. Siku ya tatu akasimama, akakubali kuwa kosa ni la kampuni, akalia mbele yao. Kisha akiwa na miaka karibu 70 akarudi mwenyewe kusimamia mauzo. Mwaka wa 1965 kampuni ikaanza wiki ya siku 5 za kazi, mapema kuliko makampuni mengi makubwa ya Japani.

Toshio Iue alikufa mwaka wa 1969. Konosuke akafa Aprili 27, 1989, akiwa na miaka 94, yule mgonjwa ambaye hakuna aliyetarajia afike 30. Mumeno alimfuata mwaka wa 1993.

Mwaka wa 2008 kampuni ikaacha jina la Matsushita na la National, ikawa Panasonic tu. Mwaka uliofuata ikanunua hisa nyingi za Sanyo, na kufikia 2011 Sanyo yote ilikuwa chini yake. Kampuni ya shemeji ikawa imerudi nyumbani, miaka zaidi ya 60 baada ya kutoka.

Kwa hivyo mtu akikutumia tena ile video ya mtoto wa miaka 9, mwambie iko sawa lakini imekatwa. Mwambie kulikuwa na mwanamke aliyeweka rehani kimono zake moja moja, kijana wa miaka 14 aliyeng'arisha sahani za feni usiku, mwenzao wa zamani aliyefichua siri ya lami, Nakao aliyejifunza redio akiiunda, na maelfu waliotia sahihi. Kuacha shule hakukumfanya tajiri. Kulimwacha akiwa mtu anayejua vizuri kwamba hawezi peke yake. Kama na wewe uko mahali hapo sasa, bila cheti na bila ganji, angalia ni nani mko naye kwenye keja, na wewe unambebea nini.